Haba na haba isipojaza kibaba

Tangu Agosti 2025, kampuni ya OpenAI ilipoachia modeli zake za akili mnemba ziitwazo gpt-oss ili anayetaka azipakue, neno moja limekuwa likirudi katika mazungumzo ya watu wa kompyuta hapa Tabora, kuanzia vibanda vya mafundi hadi ofisi za walimu. Kati ya modeli hizo mbili, kubwa inaenea kwenye kadi moja ya kuhesabia (GPU) yenye kumbukumbu ya gigabaiti 80, na ndogo inaenea kwenye gigabaiti 16, kiasi ambacho kompyuta ya mezani inaweza kuwa nacho. Zinaenea kwa sababu sehemu kubwa ya namba zake zimehifadhiwa kwa takriban biti 4 kila moja, yaani nafasi nne za 0 au 1, badala ya 16 au 32. Hapo ndipo neno linapotoka: tumepunjwa. Katika mkoa wa wakulima wa tumbaku neno hilo ni zito. Aliyewahi kusimama sokoni akiangalia robota lake likipanda mizani anajua kupunjwa ni nini, na akisikia namba iliyokuwa na biti 32 imebakiwa na 4, anahesabu biti 28 zilizoliwa.

Nadhani malalamiko haya yameelekezwa pasipostahili, na wakati huohuo pale panapostahili malalamiko pamekaa kimya. Kufupisha namba si kupunja. Kila muundo wa namba ndani ya chipu ni uamuzi kuhusu kosa likae wapi, kwa kuwa kosa lipo daima. Kupunja huanza pale namba iliyofupishwa kwa ajili ya kazi moja inapopelekwa kwenye kazi nyingine bila mtumiaji kuambiwa. Hilo haliwahusu wenye viwanda vya chipu peke yao. Linatokea katika vyama vyetu vya msingi, katika programu za bei nafuu tunazonunua, na katika namna tunavyowafundisha vijana wetu hesabu za kompyuta.

Kwanza tuone kompyuta inavyoandika namba yenye desimali. Inafanya kama tulivyofundishwa kwenye fizikia kuandika umbali wa jua: tarakimu chache za mwanzo, kisha kipeo kinachosema nukta isogezwe hatua ngapi. Ndiyo maana namba hizi huitwa za nukta elea. Biti moja inabeba alama ya chanya au hasi, kundi moja la biti linabeba kipeo, na zilizobaki zinabeba tarakimu. Ukikiongezea kipeo biti, namba inafika mbali zaidi, kwa ukubwa na kwa udogo. Ukiziongezea tarakimu biti, hatua kati ya namba moja na jirani yake inakuwa fupi. Idadi ya biti ikishawekwa, unachokiongeza huku unakitoa kule. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 kila kampuni iligawa biti hizo kwa namna yake: IBM System/360 ya mwaka 1964 ilitumia msingi wa 16, mashine za VAX zilikuwa na utaratibu wao, Cray nayo na wake, na programu ileile ikihamia mashine nyingine ilileta majibu mengine. Kiwango cha IEEE 754 cha mwaka 1985, kilichotolewa na IEEE, chama cha wahandisi wa umeme na elektroniki, ndicho kilichotuliza fujo hiyo. William Kahan wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alikuwa fundi wake mkuu, na mwaka 1989 alipewa Tuzo ya Turing. Kiwango hicho kilitupa namba ya biti 32, yenye biti 8 za kipeo na 23 za tarakimu, ambayo hushika takriban tarakimu saba za desimali, na ya biti 64, yenye 11 na 52, ambayo hushika 15 au 16.

Sasa chukua shilingi 70,000, malipo ya mkulima mdogo baada ya makato ya pembejeo. Ziandike kwa biti 16 za IEEE, zilizogawanywa biti 5 za kipeo na 10 za tarakimu. Hazienei. Namba kubwa kuliko zote katika muundo huo ni 65,504, na ukivuka hapo kompyuta inaandika alama ya isiyo na kikomo. Ziandike kwa bfloat16, ambazo nazo ni biti 16 lakini kundi la Google Brain lilizigawa 8 kwa 7. Zinaenea, ila zinasomeka 70,144. Muundo mmoja umezikataa, mwingine umezipokea ukaongeza shilingi 144 ambazo hakuna aliyezitoa mfukoni. Geuza kazi uone. Longitudo ya Tabora mjini ni takriban nyuzi 32.8 mashariki. Kwa biti 16 za IEEE, hatua ya namba hapo ni sehemu moja ya 32 ya nyuzi, karibu kilomita tatu na nusu ardhini. Kwa bfloat16 hatua ni robo nyuzi, karibu kilomita 28, na kisima cha kijiji kimoja kinaweza kuangukia wilaya nyingine. Kwa biti 32 hatua inashuka chini ya nusu mita. Ukiniuliza kati ya miundo miwili ya biti 16 upi ni bora, sina jibu mpaka uniambie unapima nini.

Waliobuni bfloat16 walijua wanapima nini. Mtandao wa akili mnemba unapofundishwa, masahihisho yake huwa madogo mno mahali fulani na makubwa mno kwingine, kwa hiyo unahitaji kipeo kirefu. Tarakimu zake za desimali zikiwa mbili au tatu, kazi inaenda. Faida ya kupunguza tarakimu ni kubwa kuliko inavyoonekana kwa macho, kwa sababu sehemu ya chipu inayozidisha namba hukua kwa mraba wa urefu wa tarakimu. Ukihesabu na ile biti moja ya mwanzo ambayo haiandikwi kwa kuwa inajulikana, namba ya biti 32 huzidisha biti za tarakimu 24 kwa 24, na bfloat16 huzidisha 8 kwa 8. Ni 576 dhidi ya 64, mara tisa. Panapokaa kizidishio kimoja kirefu panaweza kukaa vifupi kadhaa, umeme unapungua, na data inayosafirishwa kutoka kwenye kumbukumbu, ambayo ndiyo gharama inayouma zaidi, inakuwa nusu.

Hoja dhaifu kuliko zote ninazozisikia ni ile inayosema namba ndefu ni ya kweli na namba fupi ni ya uongo. Sehemu moja ya kumi haiandikiki kikamilifu katika msingi wa mbili, kama theluthi isivyoandikika kikamilifu kwa desimali. Biti 64 huandika 0.1 kama 0.1000000000000000055 na mkia unaoendelea, na ukijumlisha 0.1 na 0.2 mashine inakujibu 0.30000000000000004. Namba ndefu imelisogeza kosa mbali, haijalifuta. Halafu kuna ushahidi ambao wakulima wa mvua kama sisi tungepaswa kuujua. Mei 2021 kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, ECMWF, kilihamisha utabiri wake kutoka biti 64 kwenda 32. Muda wa kompyuta uliookolewa ulitumika kuongeza matabaka ya anga katika utabiri wake wa mkusanyiko, ule unaorudiwa mara nyingi kwa tofauti ndogo za mwanzo, kutoka 91 hadi 137. Walitoa tarakimu, wakanunua anga iliyogawanywa vizuri zaidi. Ilikuwa biashara ya haki, kwa sababu kipimajoto cha kituo cha hali ya hewa hakisomi joto kwa tarakimu 15. Tarakimu ambazo kipimo chenyewe hakikuzileta hazina thamani hata ukizitunza kwa umeme mwingi kiasi gani.

Lakini wenye wasiwasi wana hoja moja nzito, na hiyo nimeiona kwa macho yangu. Msimu mmoja nilikaa na katibu wa chama kimoja cha msingi ambacho kilikuwa kimeanza kutumia programu ya simu kujumlisha malipo, huku karani akiendelea na daftari kama zamani. Daftari lilisema 187,346,215. Simu ilisema 187,346,352. Tofauti ni shilingi 137, fedha isiyotosha hata soda, lakini ilikula siku mbili za kikao. Katibu, mzee mwenye adabu, aliniuliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, hizi 137 nitamwambia nani kaziweka?" Nilichogundua ni kwamba jumla za mwishomwisho kwenye simu, hata zilipobadilika, ziligawanyika kwa 16 bila kubaki kitu. Hiyo ni alama ya biti 32. Namba ya biti 32 hushika kila shilingi hadi 16,777,216. Kuanzia hapo inaruka shilingi mbili mbili, kisha nne nne, na ikishavuka 134,217,728 inaruka kumi na sita kumi na sita. Kila malipo yalipoingia, jumla ilivutwa kwenye kizidishe cha 16 kilicho karibu, mara juu, mara chini. Hakuna aliyeweka, hakuna aliyechukua. Aliyeandika programu alitumia muundo wa namba uliokusudiwa kuchora picha kwenye kioo, akaubebesha hesabu ya fedha za watu.

Kosa hilo lina sura mbaya zaidi. Jumla ikivuka shilingi 536,870,912, hatua inakuwa 64. Hapo ukiongeza shilingi 30, ambayo haifiki nusu ya hatua, jumla haisogei. Ongeza tena, haisogei. Ziongeze mara milioni moja, moja baada ya nyingine, na mashine itaendelea kuonyesha jumla ileile, wakati daftari limepanda kwa shilingi milioni 30. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, na katika hesabu ya karatasi ni kweli. Katika namba fupi, kibaba kikishakuwa kikubwa mno kuliko haba inayomiminwa, hakijai milele. Namba ya biti 64 ingemaliza tatizo la chama kile, maana hushika kila namba nzima hadi zaidi ya trilioni 9,000. Namba nzima isiyo na nukta ingefaa zaidi.

Wenye viwanda wanalijua jambo hili vizuri, na ndiyo sababu sikubaliani na wanaodhani biti 8 au 4 ni uzembe. Chipu inazidisha namba fupi, lakini inajumlishia kwenye namba ndefu. Kampuni ya DeepSeek ya China, ilipoeleza Desemba 2024 namna ilivyofundisha modeli yake ya V3 kwa biti 8, ilisema kwamba kijumlishio cha chipu waliyoitumia hakikuwa na tarakimu za kutosha, kwa hiyo kila baada ya namba 128 walihamishia jumla kwenye biti 32 kamili. Huo ndio ufundi ninaousifu: haba inaweza kuwa fupi, kibaba kinapaswa kuwa kirefu. Programu ya chama kile ilikosa busara hiyo.

Turudi kwenye biti 4 zilizoanzisha mjadala. Ukiacha alama ya hasi, muundo huo una thamani nane tu: 0, nusu, 1, 1.5, 2, 3, 4 na 6. Hakuna nyingine. Ili zifae, namba hupangwa katika makundi ya 32, na kila kundi hupewa kizidishi kimoja cha pamoja cha biti 8. Ukigawa kizidishi hicho kwa wenzake, kila namba inagharimu biti 4 na robo. Utaratibu huo, uitwao MX, ulikubaliwa mwaka 2023 na kampuni zikiwamo AMD, Arm, Intel, Meta, Microsoft, NVIDIA na Qualcomm. Sasa weka humo wakulima 32. Mmoja ameleta kilo 6,000, na 31 wameleta kilo 200 kila mmoja. Kizidishi cha pamoja kinamfuata mkubwa na kuwa 1,024. Yule wa kilo 6,000 anasomeka 6, yaani kilo 6,144. Kilo 200 ukizigawa kwa 1,024 hazifiki hata robo, kwa hiyo zinaangukia sifuri. Wakulima 31, ambao kwa pamoja wameleta kilo 6,200, zaidi ya yule mkubwa, wamefutwa wote, na mkubwa ameongezewa kilo 144. Mfano huu unanikera kila ninapouandika, na ningependa kila anayeuza programu kwa vyama vya ushirika auone.

Mbona basi modeli ya akili mnemba haiharibiki? Kwa sababu namba zake si wakulima. Hakuna namba moja ndani yake inayomdai mtu haki. Nyingi zina ukubwa unaokaribiana, makosa ya kupanda na ya kushuka yanapunguzana katika jumla za maelfu, na modeli inaweza kufundishwa ikiwa tayari imefupishwa, kama gpt-oss ilivyofanyiwa, ili izoee. Haina maana kwamba hakuna kinachopotea. Zile namba chache kubwa zinazofanana na mkulima wa kilo 6,000 zipo hata humo, na wahandisi wanahangaika nazo. NVIDIA kwa mfano ilipunguza kundi kutoka 32 hadi 16 katika muundo wake wa biti 4, ili mkubwa mmoja afunike wachache. Lakini tazama kinachopatikana. Modeli ya namba bilioni 7 kwa biti 32 inataka gigabaiti 28. Kwa biti 4 na robo inataka chini ya gigabaiti 4, na hapo simu nzuri inaweza kuibeba. Kwa kijiji cha Sikonge au Kaliua ambako mtandao unakuja na kuondoka, modeli inayoenea mfukoni ndiyo pekee iliyopo. Programu ya Nuru, iliyobuniwa na PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Penn State pamoja na IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha kitropiki, inatambua magonjwa ya muhogo kwa kamera ya simu bila intaneti, na manufaa ya kazi ya namna hiyo hayahitaji kuelezwa kwa mtu wa Kigoma. Atakayesema modeli za kukaa kwenye simu zingoje hadi ziwe na biti 32 anamwambia mkulima huyo asubiri bila sababu.

Wapo pia wanaosema suluhisho ni kuiacha IEEE kabisa na kuhamia muundo wa posit, aliouleta John Gustafson mwaka 2017. Wazo lake ni zuri. Mpaka kati ya kipeo na tarakimu hausimami mahali pamoja, unasogea. Posit ya biti 16, kwa kiwango kilichotolewa mwaka 2022, inazipa namba zilizo karibu na 1 biti 11 za tarakimu, moja zaidi ya biti 16 za IEEE. Ukienda mbali zinapungua: zile shilingi 70,000 zinaenea, lakini zimebakiwa na biti 7 na zinasomeka 70,144, sawasawa na bfloat16. Anayepima vitu vilivyo karibu na moja atafurahi. Anayefanya hesabu za fizikia, zenye namba kubwa mno na ndogo mno, atakuta usahihi wake unabadilika njiani, na kukadiria kosa la mwisho kunakuwa kugumu kuliko kwenye IEEE ambako kosa lina uwiano uleule karibu kote. Uchache wa chipu zinazozizidisha posit moja kwa moja nao si jambo dogo. Kwa fedha, muundo uliostahili kuzungumzwa zaidi ni wa desimali, ulioingizwa kwenye IEEE 754 mwaka 2008 na ambao IBM ilikuwa imeuweka ndani ya chipu ya POWER6 mwaka 2007. Huko sehemu moja ya kumi ni sehemu moja ya kumi. Umebaki zaidi kwenye mashine za mabenki, lakini programu yoyote inaweza kuuiga kwa gharama ndogo.

Upande wa wauzaji nao una lake la kujibu. NVIDIA ilipotangaza chipu za Blackwell Machi 2024, kasi iliyopigiwa debe ilikuwa petaflopu 20, yaani hesabu trilioni 20,000 kwa sekunde, kwa biti 4. Orodha ya kompyuta kubwa duniani hupima kwa biti 64, na El Capitan ya Marekani iliyoshika nafasi ya kwanza Novemba 2024 ilipata eksaflopu 1.742, yaani petaflopu 1,742, kwa kipimo hicho. Ukiziweka namba hizo mbili kwenye jedwali moja bila kusema biti, unalinganisha gunia na kilo. Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni kwamba soko la akili mnemba sasa linaamua chipu iweje. Katika Blackwell Ultra ya mwaka 2025, sehemu ya kuhesabu kwa biti 64 ilipunguzwa sana ili kupisha biti 4. Wapo wanaotafuta namna ya kujenga namba ndefu kutokana na vipande vifupi, kama njia ya Ozaki kutoka Japani, na zinaleta matumaini. Lakini chuo kinachotaka kuiga mwendo wa maji ya Ziwa Tanganyika au mtiririko wa Malagarasi, kikinunua kadi kwa kuvutiwa na petaflopu za kwenye tangazo, kinaweza kujikuta na mashine iliyo dhaifu kwenye hesabu hasa kilizozikusudia. Hati ya zabuni iandike biti ngapi. Muuzaji akikataa kujibu kwa biti 64, hilo nalo ni jibu.

Na madarasani, mwanafunzi anayefundishwa kwamba kompyuta haikosei hesabu anafundishwa jambo lisilo kweli, tena atakapokuwa fundi ndiye atakayeandika programu kama ile ya chama. Jedwali la thamani nane za biti 4 linaenea kwenye kona ya ubao. Mpe kijana orodha ya wakulima 32, mwambie azipange humo kwa kalamu, aone mwenyewe nani amebaki na nani amefutika, kisha mwulize ni kazi gani angeikubali na ipi angeikataa.

Kwa vyama, sitaki kusubiri mitaala. Kabla msimu haujafunguliwa na robota la kwanza halijapanda mizani, katibu aifungue programu mpya mbele ya bodi, aingize jumla ya 16,777,216, kisha aongeze shilingi moja. Ikisoma 16,777,217, waendelee kuikagua kwa mengine. Ikibaki 16,777,216, aliyeileta aondoke nayo, na daftari la karani lirudi mezani.